Kilio cha Baba Yake Miss Edith

Mama siku hizi analalamika miguu baridi hata wakati wa kiangazi, kwa hiyo wiki iliyopita nilimnunulia mfuko wa mpira, ule wa kutilia maji ya moto na kuuweka miguuni kitandani. Niliufungua nikiwa ndani ya gari nje ya duka. Harufu ya mpira mpya ikanijia puani, na kabla sijajua kinachoendelea nilikuwa nalia, mikono juu ya usukani, mtu mzima mwenye watoto wake. Mwanamke mmoja alipita na toroli lake la vyakula, akanichungulia, akaona heri aendelee na safari yake.

Sisi tuliokulia Birmingham miaka ile, tulioshuka uwanja wa ndege na makoti ya kuazima na majina yaliyokosewa kwenye karatasi, nadhani karibu kila mmoja wetu alikuwa na mzee wa Kiingereza aliyemlea nusu. Wangu alikuwa Miss Edith. Tulikaa naye ghorofa moja, mtaa wa Ladywood, kwenye jengo refu ambalo lifti yake ilifanya kazi inapojisikia. Ujirani wenyewe ulianzia kwenye ngazi, siku Mama alipombebea mifuko yake ya vitu vya dukani hadi juu. Mama asubuhi alisafisha nyumba za wanafunzi Selly Oak na jioni alisafisha ofisi mjini, kwa hiyo nikitoka shule nilipiga hodi kwa Miss Edith na kukaa huko mpaka Mama arudi. Naye Mama alimpelekea chakula. Miss Edith alikula sombe yetu, majani ya muhogo, miaka na miaka akiamini ni spinachi, na sisi hatukuona sababu ya kumsumbua.

Alikuwa mzee sana, mwembamba, mwenye vidole vilivyopinda. Maisha yake yote ya kazi aliyatumia kwenye karakana moja ya mtaa wa Hockley, huko huko Birmingham, akipiga chapa beji za shaba za wanajeshi, na kati ya beji hizo kulikuwa na mabawa madogo ya kubandikwa kifuani mwa marubani. Alisema alipiga mabawa mengi kuliko mtu yeyote mjini, na yeye mwenyewe hajawahi kupanda ndege. Ukutani kwake palikuwa na picha moja tu. Mwanaume mwenye masharubu amesimama kando ya kitu ambacho mimi nilidhani ni kamba za kuanikia mashuka. Nilipouliza, akaniambia huyo ni baba yake, na hizo si kamba, hiyo ni ndege.

Basi nikaanza kuhadithiwa. Baba yake alizaliwa Hockley, mtoto wa fundi shaba, katika mji ambao bahari iko mbali kila upande, na bado alikwenda kujiunga na jeshi la majini kama fundi wa mitambo. Enzi hizo ndege zilikuwa chache na wakubwa wa meli waliziona ni michezo ya matajiri. Yeye akajifunza kuzirusha wakati wa likizo zake. Kisha akashika wazo moja ambalo lilimchosha kila aliyekaa naye mezani: kwamba ndege lazima isafiri na meli, iruke kutoka juu ya meli, na irudi kwenye meli. Walimcheka, lakini alikuwa king'ang'anizi. Mwishowe wakamruhusu atandike mbao kwenye sehemu ya mbele ya meli ya vita, aweke ndege yake juu, na ajaribu.

Mara ya kwanza alitoka mwisho wa mbao na kwenda chini moja kwa moja. Mabaharia walimnasa kola kwa fimbo yenye ndoano, wakamvuta, wakamfunga blanketi. Baada ya hapo akabuni mifuko ya hewa ya kufunga chini ya ndege, ili ikianguka majini isizame. Mkewe ndiye aliyeishona, kwa cherehani ya nyumbani, turubai zito lililopakwa mpira, na nyumba nzima ikanuka. Hata vita ya kwanza ya dunia ilipofika bado alikuwa anamshonea mingine mikubwa zaidi, na Miss Edith alikumbuka akicheza chini ya meza huku turubai limemfunika kichwa. Alikuwa na kipande chake bado, ndani ya droo ya vijiko. Alinipa ninuse. Kilikuwa kikavu na kimepasuka, lakini ukikipasha kiganjani harufu ilirudi.

Mifuko hiyo ilimwokoa mara nyingi. Kuna siku injini ilizimika katikati ya bahari, ukungu kila mahali, akakaa juu ya bawa kutwa nzima. Marubani wa majini siku hizo walibeba njiwa kwenye kikapu, kwa sababu redio hawakuwa nayo. Alimfunga njiwa wake karatasi mguuni, akamwachia, na jioni wavuvi wakaja. Siku nyingine upepo ulimpindua karibu na meli yake mwenyewe mbele ya mkubwa aliyekuja kukagua. Walimvuta tena. Wakampandisha cheo, wakampa vijana wa kuwafundisha. Wengi wa vijana hao hawakurudi, na hapo Miss Edith aliruka haraka, kama mtu anayevuka dimbwi.

Mimi nilikuwa na maswali yangu ambayo lazima yajibiwe kila hadithi inapofika mwisho.

"Wakamvuta?"

"Wakamvuta."

"Wakampa chai?"

"Yenye sukari nyingi."

Hapo roho yangu ilitulia. Lazima nieleze sababu, maana haikuwa uchu wa hadithi peke yake.

Sisi tulitoka Baraka, upande wa Kongo wa Ziwa Tanganyika, vita ilipotufikia. Baba alinipakia mimi na Mama kwenye boti la kwanza lililokuwa na nafasi, yeye akabaki kumchukua mama yake ambaye hakuweza kutembea haraka. Wangekuja na boti litakalofuata. Tulivuka hadi Kigoma, tukangoja ufukweni, halafu tukangoja kambini. Watu walisema boti lile lilizama. Mtu mmoja tu alisema alisikia kwamba boti jingine lilipita, likaokota baadhi ya watu na kuelekea kusini. Mama alishika neno la huyo mtu mmoja na kuyaacha ya wengine wote. Wanawake wa kambini walipokuja kukaa kilio, kama ilivyo desturi, aliwaambia warudi makwao, hapa hajafa mtu. Tulipofika Birmingham, akina mama wa kanisa letu walikuja na mikeka na sufuria kufanya hivyo hivyo. Aliwafungia mlango. Kila jioni tulipiga magoti, naye alimwomba Mungu amwongoze Baba katika safari yake, na mimi niliitikia amina.

Kwa hiyo mtoto wa watu nikapiga hesabu zangu. Baba yuko majini. Baba yake Miss Edith alikuwa majini mara nyingi na kila mara walimvuta. Ziwa letu ni kubwa, basi inachukua muda. Hata kwamba Baba hana ndege wala njiwa halikunitia wasiwasi, kwa sababu wavuvi kule wapo wengi.

Siku moja nikamwambia Miss Edith hayo yote, kwa furaha kabisa, huku nachovya biskuti. Nilimwambia Baba yangu naye watamvuta, na akija nitamleta hapa anywe chai. Alinyanyuka akaenda kuchemsha maji mengine wakati birika la kwanza bado lilikuwa limejaa. Alikaa huko jikoni muda mrefu. Siku kadhaa hakunihadithia chochote, aliwasha televisheni tu, nikafikiri nimemkosea adabu.

Halafu, Ijumaa, aliizima televisheni akaniambia kuna hadithi moja ambayo hajanipa. Vita ilikwisha. Baba yake angeweza kukaa nyumbani, lakini lilibaki jambo moja, ndege kutua juu ya meli inayotembea, na yeye alitaka ajaribu mwenyewe badala ya kumtuma kijana. Akapaa asubuhi yenye jua. Meli ikamngoja. Mchana njiwa wake akarudi bandarini, mzima, na mguuni hana kitu.

"Mama yangu alisema ni habari njema," Miss Edith aliniambia. "Hana karatasi, maana yake haombi msaada. Yupo kwenye meli ya mtu, amevaa nguo kavu."

Mimi nilikuwa mwanafunzi hodari wa Sunday school. Nikamwambia hapana, njiwa wa Nuhu aliporudi mtupu ilikuwa ni kwa sababu maji yalikuwa bado yamefunika kila kitu, hakupata pa kutua. Nilisema kama ninavyojibu darasani. Miss Edith aliniangalia, uso ukamkunjamana, akaanza kulia. Sikuwa nimewahi kumwona Mzungu mzee akilia, nilidhani wakifika umri ule machozi huwa yamekwisha. Nikauliza kwa sauti ndogo kama walimvuta. Akatikisa kichwa. Mwili haukupatikana, wala ndege, wala kipande cha turubai.

Sikumwambia Mama. Nilihitaji mtu mzima aniambie kwamba yule wa Miss Edith ni bahati mbaya tu, wengine huvutwa. Jumapili Mama alikuwa kazini, na Mama Pasta, mke wa mchungaji wetu, alinipitia na gari lake la kanisa. Wakati wa maombi, mwenye shida husimama akaisema. Nikasimama. Nilisema kwamba Miss Edith jirani yetu analia sana, baba yake amepotea majini na mwili hawajaupata. Kisha nikazitazama nyuso za akina mama moja baada ya nyingine, nikingoja mmoja aseme watamvuta.

Hakuna aliyesema. Wote waliguna guno lile lile, la watu wanaolijua jambo. Wengine walifumba macho. Mama Pasta alinishika bega akauliza Miss Edith anakaa mlango gani. Hakuna aliyeuliza baba huyo alipotea lini, na mimi sikufikiria kusema. Kwetu habari ya kifo huja siku inayokuja, hata miaka imepita, na siku hiyo ndiyo watu hulia.

Jumatatu, nikiwa kwa Miss Edith baada ya shule, tulisikia lifti. Halafu tukasikia sauti. Mwanamke wa kwetu akienda kilioni haanzi kulia akishaketi, anaanza njiani, na hawa walianza tangu chini. Walijaa kwenye korido yetu nyembamba na vitenge vyao, viti vya plastiki, chupa za chai na sufuria ya maharage, wakilia kwa sauti kamili. Mlango wa mbele yetu ulifunguka kidogo ukafungwa. Miss Edith alifungua wake, akawatazama, akaniuliza nani amekufa.

"Baba yako," nikamwambia.

Alishika fremu ya mlango. Akaniuliza kama hawa wote wamekuja kwa ajili yake, nikasema ndiyo. Akasema basi waingie, ila yeye hana viti. Nikamwambia wamekuja navyo.

Walikaa, wengine vitini, wengine chini kwenye zulia. Mama Pasta ndiye aliyeiona picha ukutani, masharubu na zile kamba za mashuka, kisha akamtazama vizuri Miss Edith mwenyewe, mvi na mgongo na vidole. Kilio kikapungua.

"Donc, Neema," akaniambia polepole, kwa Kiswahili chetu cha Kongo kilichochanganyika na Kifaransa, "huyu baba alikufa mwaka gani?"

Nikauliza. Miss Edith alisema yeye alikuwa na miaka saba. Mama mmoja alitaka kucheka, akajiziba mdomo na kitenge. Nilitamani zulia linimeze. Mama Pasta hakucheka.

"Uliza, kilio yake ilikaliwa?"

Nikauliza kwa namna nilivyoweza, kama watu walikuja, wakakaa, wakalia pamoja nao. Miss Edith akasema hapana. Hata siku moja. Mama yake hakuruhusu.

"Bon," akasema Mama Pasta, akivua viatu. "Basi leo njo siku yake. Mwambie atupe historia ya marehemu."

Hiyo nayo ni desturi. Hakuna kilio bila historia. Lazima mtu asimame aseme marehemu alizaliwa wapi, alifanya kazi gani, alimpenda nani, alikufaje, ili watu wajue wanamlilia nani. Miss Edith alianza na Hockley. Mimi nikasimama kando ya kiti chake nikitafsiri sentensi kwa sentensi, nikikwama kwenye maneno ya meli na kuyazunguka. Walisikiliza kwa mwili mzima. Alipotoka mwisho wa mbao na kuzama waliguna, alipovutwa walisema asante Yesu. Kuhusu mkewe na cherehani, mama mmoja alisema huyo mwanamke naye aandikwe kwenye historia.

Tulikuwa tumefika kwenye ukungu na bawa, mlango ukafunguka. Mama amerudi kutoka kazini. Alisimama pale na sare yake ya usafi, akiwatazama akina mama wale wale aliokuwa amewafungia mlango wake, na mikeka ile ile.

"Mama Pasta, juu ya nini munasumbua muzee wa watu?"

"Tuko mu historia ya marehemu, Mama Neema."

Historia ya marehemu haikatizwi, hata na mtu mwenye hasira. Mama alibaki amesimama mlangoni, na alikuwa amekasirika kweli, niliona taya lake linavyocheza. Miss Edith alimwona pia. Aliendelea hadi mwisho, asubuhi yenye jua, njiwa asiye na karatasi, na akina mama wakalia, safari hii bila sauti kubwa. Nilidhani amemaliza. Lakini aligeuza kiti kidogo kuelekea mlangoni, akaanza kusema na Mama peke yake, kupitia kwangu.

Alisema mama yake kila majira ya baridi aliweka viatu vya mumewe karibu na moto ili avikute vina joto. Alisema nyumbani kwao neno amekufa lilikatazwa, na aliyelitaja alilala bila chakula. Hawakuhama Birmingham kamwe, ili akirudi awakute. Kijana mmoja alimchumbia yeye, Miss Edith, akataka waende kuishi pwani, naye akakataa, kwa sababu ya mama yake, na mama yake alikufa akiwa bado anangoja.

"Nilingoja naye kwa sababu nilimpenda," alisema. "Lakini nilikuwa mtoto. Nilihitaji kumlilia baba yangu nikiwa mtoto."

Nilitafsiri nikitazama zulia. Mama aliniambia nirudie. Nikarudia, na sauti yangu ikaanza kunitoroka. Nilipoinua macho Mama alikuwa ananitazama mimi, si Miss Edith, na sijui aliona nini usoni mwangu, lakini hasira ilikuwa imemtoka yote na bila hiyo alionekana mdogo sana.

Alivua viatu. Akapita kati ya akina mama, nao wakajisogeza bila kuambiwa, akaenda kukaa chini kabisa, ubavuni mwa kiti cha Miss Edith, mahali anapokaa mfiwa. Mama Pasta alimfunika mabega na kitenge. Hakuna aliyemwambia aseme. Tulikaa hivyo mpaka chai ikapoa.

"Bwana yangu jina yake ni Etiene," Mama alianza. "Alikuwaka mwalimu, kule Baraka. Alikuwaka anaimba vibaya kanisani na hakuna mutu alikuwa na roho ya kumwambia. Alikuwaka anaogopa maji. Hata kuoga ziwani alikuwa anabaki pa mawe." Akakikaza kitenge mabegani. "Alitupakia sisi kwanza. Akasema anakuja."

Akina mama walisema eee, taratibu. Mama alijishika tumbo na mikono yote miwili.

"Alikufa mu ziwa," akasema. "Bwana yangu alikufa."

Miss Edith hakuelewa neno hata moja. Aliweka mkono juu ya kichwa cha Mama, akanigeukia, akasubiri. Maneno ya meli na njiwa yote yalikuwa yamepita kinywani mwangu, hili halikutaka kupita. Nilimtazama Mama nikitumaini atasema niache, inatosha, lakini aliniitikia kwa kichwa.

"Mwambie, mwanangu."

Nikamwambia. Hiyo ndiyo mara ya kwanza niliposema kwamba baba yangu amekufa, na nililisema kwa Kiingereza, lugha ambayo Baba hakuijua.